Pasaka Niliyotumwa kwa Dada Riziki

Ndugu zangu wa kwaya, kabla ya yote naomba mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande kama majani yaliyopigwa na mvua, na maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia, sijui kama ndivyo yalivyo. Shule yangu ya Kiswahili iliishia darasa la tatu, kule kambini, na siku hizi kalamu naishika kazini tu nikiweka sahihi. Lakini Jumapili iliyopita mlinizunguka baada ya ibada mkauliza, "Shukuru, kulikuwaje Hungaria?" Nikasema, "Kulikuwa kuzuri," nikatazama viatu vyangu. Mnanijua. Kwa mdomo siwezi. Basi nimeandika polepole, jioni tano, kwenye meza ya jikoni. Atakayemaliza kusoma ampe mwenzake.

Rexdale hadi uwanja wa ndege

Kutoka nyumbani kwetu hadi uwanja wa ndege ni karibu sana. Kila siku nikiwa kiwandani napakia mikate kwenye mifuko huku ndege zinapita juu ya paa, na sijawahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa ndani ya mojawapo nikitazama paa la kiwanda.

Asubuhi ya Alhamisi Mama aliniita jikoni. Alikuwa amekaa, miguu yake juu ya kiti kingine kwa sababu inavimba, na hiyo miguu ndiyo iliyofanya daktari amkataze safari ndefu. Mbele yake kulikuwa na kitenge kipya cha bluu, kimekunjwa vizuri.

"Hiki ni cha dada yako," alisema. "Na kuna maneno."

"Maneno gani, Mama?"

"Mwambie niligeuka. Mwambie anisamehe. Usimwandikie kwenye simu. Mwambie kwa mdomo, na uniletee jibu kwa mdomo."

"Mama, unajua mimi sijui kusema."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Wanaojua kusema wataongeza."

Wengi wenu hamumjui Riziki, kwa hiyo nieleze. Ni dada yangu wa pekee. Tulipoitwa kambini kuja Kanada, mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye ishirini, na jina lake halikuwa pamoja na majina yetu. Tuliambiwa atafuata. Tulikuja, tukangoja, hakufuata. Baadaye alipata nafasi ya kusomea kazi ya kutunza wagonjwa huko Hungaria, akaenda peke yake, na sasa anawatunza wazee katika mji mdogo. Miaka miwili iliyopita alimwambia Mama kwenye simu, "Hukugeuka hata." Akakata. Tangu siku ile Mama akipiga, Riziki hapokei. Mimi ananiandikia. Pasaka hii ndiye aliyenialika.

Basi nilikuwa na siku nne, kitenge kimoja na maneno yale. Kitenge kilikuwa chepesi zaidi.

Saa za kungoja theluji

Ilikuwa Aprili, lakini mnaujua mji wetu. Theluji ilianza tulipokuwa tumeshaonyesha tikiti. Ndege yetu ilikaa nje imefunikwa kama keki, na kwenye ubao saa ya kuondoka ikawa inasogea mbele. Nilikaa kwenye kona nikaanza kufanya mazoezi kwa sauti ndogo: "Dada, Mama anasema aligeuka. Dada, Mama anakuomba umsamehe. Dada, Mama anasema..."

"Kijana," sauti ikasema kando yangu, kwa Kiswahili safi kabisa. "Unasali au unamgombeza mtu?"

Niligeuka. Alikuwa mzee wa Kihindi, koti refu, kofia ya sufu, mfuko wa plastiki magotini. Niliona aibu nikataka kuhama kiti. Aliniambia amezaliwa Tabora, sasa anakaa Markham, na anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Alisema watoto wake wanaelewa Kiswahili lakini wanamjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo akisikia mtu anakitamka, hata kama anamgombeza mtu, lazima amsogelee.

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu sikumjua. Nilimweleza yote, maneno ya Mama na kwamba nasubiri mahali pazuri pa kuyasema.

"Mahali pazuri hapapo," mzee alisema. "Mimi nilingoja mahali pazuri pa kumwambia kaka yangu jambo fulani. Nikangoja Tabora, nikangoja Dar, nikangoja hapa. Kaka akafa. Kula chevda."

Alinipa mfuko mzima wa chevda, dengu na karanga na viazi vya kukaanga na pilipili. Nilisema aksanti. Akacheka.

"Aksanti! Wewe ni Mkongomani. Weka mfuko kwenye begi. Utakuja kuuhitaji."

Tuliondoka tukiwa tumechelewa saa tano nzima. Kwa hiyo ndege ya pili, ile ya kunifikisha Budapest, haikunisubiri. Katika mji wa kubadilisha ndege niliwekwa kwenye foleni, kisha kwenye foleni nyingine, kisha nikapewa sandwichi na kiti. Mzee wa Markham alinipungia mkono akaingia kwenye mlango wake. Siku zangu nne zikaanza kupungua.

Budapest: dada ananipita

Nilifika Ijumaa Kuu mchana. Mlango wa kioo ulifunguka, nikamwona mara moja. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, koti la kijani, nywele amezisuka zikalala nyuma. Uso wa Mama kabisa, ila Mama wa zamani.

Yeye hakuniona. Alinitazama, macho yakanipita, yakaenda kwa watu walio nyuma yangu. Akatembea hadi mwisho wa kizuizi, akarudi, akanipita tena kwa karibu sana hadi nikasikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Nikaelewa. Alikuwa anatafuta mtoto wa miaka kumi. Picha amekuwa akiziona, lakini macho yake yalikuwa yanatazama chini, kwenye urefu wangu wa zamani.

Nilitaka kuita, nikahamisha begi mkono mwingine. Akapita mara ya tatu. Ndipo nikasema, polepole kama mtu anayeomba njia, "Dada Riziki."

Alisimama. Aliinua macho polepole, kutoka kifuani kwangu hadi usoni.

"Mungu wangu," alisema. "Nani alikuruhusu kurefuka hivi?"

Akanishika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akifanya akiniosha. Yeye ndiye aliyelia, mimi nilishika mifuko.

Kwenye treni

Treni ilitoka mjini ikaingia kwenye tambarare. Sijawahi kuona nchi iliyonyooka namna ile. Hakuna kilima hata kimoja, udongo mweusi hadi mbinguni, na katikati ya udongo mti mmoja, kisha baada ya dakika kumi mti mwingine. Mama mmoja mnene aliyekaa mbele yetu alifungua kitambaa akatoa vimkate vidogo vya chumvi, bado vina joto, akanipa viwili bila kuuliza. Aliniangalia hadi nilipomeza. Kisha akamwambia dada kitu.

"Anasema wewe ni mwembamba na mimi ndiye wa kulaumiwa," Riziki alitafsiri.

Juu ya nguzo ya umeme niliona kiota kikubwa kama gurudumu la trekta, na ndani yake amesimama korongo mweupe mwenye miguu myekundu. Nilishtuka. Ndege yule nilikuwa namwona kambini, wakati wa mvua, akitembea mashambani nyuma ya wanaolima.

"Ni yule yule," Riziki alisema. "Wakati wa baridi wanakaa kwetu. Mwezi huu ndio wanafika huku."

Nilimtazama hadi treni ilipompita. Alikuwa amevuka jangwa na bahari kwa mabawa yake mwenyewe, na amefika kabla yangu.

Nikafikiri, hapa. Hapa ni pazuri. Nikasema, "Dada, Mama alinituma..."

"Usianze, Shukuru."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatazama dirishani.

"Nilisimama pale penye bomba la maji," alisema, "pale walipopanga ndoo. Nilimwona akipanda basi. Hakugeuka. Mtu anayekwenda sokoni hugeuka, anasema funga mlango, angalia moto. Yeye alipanda kama mtu anayekimbia mvua. Basi likaondoka na vumbi lake. Miaka tisa nimelitazama vumbi lile." Akanigeukia. "Umekuja kula Pasaka. Tule Pasaka."

Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Kilikuwa mdomoni mwangu, lakini yule mama mnene alikuwa anatutazama, na kituo chetu kikafika.

Nyumba ya Bibi Ilona

Dada amepanga chumba kwa bibi mmoja anayeitwa Ilona, mwenye miaka themanini na kitu, mjane, goti lake moja bovu. Nyumba ni ndefu na ya chini, rangi ya njano, na uani kuna bomba la maji la kuvuta kwa mkono. Bibi Ilona hajui Kiingereza, nami lugha yao sijui hata neno, kwa hiyo tuliongea kwa mikono na Riziki katikati. Swali lake la kwanza lilikuwa kama namjua mpwa wake anayekaa Toronto.

"Mwambie Toronto ni kubwa," nilisema.

Dada akamwambia. Bibi akajibu.

"Anasema hata hivyo, ni mwanaume mrefu mwenye kipara."

Siku ile hawali nyama. Tulipewa tambi zilizomwagiwa sukari na mbegu nyeusi ndogo sana kama mchanga. Nikangoja mchuzi. Nilingoja kwa adabu, mikono magotini, hadi Riziki akaniuliza kwa nini sili. Nikala tambi tamu, na sitawadanganya, zilikuwa tamu kweli.

Nilichokiona kigeni zaidi ni ukimya. Kanisa liko mwisho wa barabara, na kengele zake hazikulia. Dada alinieleza kwamba toka Alhamisi kengele zinanyamaza, na watoto huambiwa zimekwenda Roma. Badala yake watoto walipita barabarani wakizungusha vyombo vya mbao vinavyokatakata kama meno ya mtu mwenye baridi. Mji mzima ulikuwa unasubiri kitu. Nami nilikuwa nasubiri, kwa sababu yangu.

Jumamosi, kengele zinarudi

Bibi Ilona alinipa kazi. Alichemsha paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na katika maji yale yale akachemsha mayai. Mayai mengine aliyatoboa pande mbili, akapuliza vilivyo ndani vikatoka, akayapaka rangi nyekundu na kuyachora maua kwa nta. Mimi nilikuna mzizi mmoja mweupe mkali wa kuliwa na nyama. Nilifikiri ni muhogo. Nilipoukuna mara tatu machozi yalinitiririka hadi shingoni, na Bibi akapiga meza kwa kucheka.

Kisha akaanza kusuka mkate. Nakuambieni, mimi nimepakia mikate maelfu, lakini unga wenyewe sijawahi kuugusa, mashine ndiyo inayojua. Bibi alikata vipande vitatu, akavivuta, akavisuka kama nywele. Alinishika mikono akaiweka juu ya unga. Ulikuwa na joto kama mwili wa mtoto. Nilisuka vibaya, naye hakurekebisha. Mkate wangu ulitoka umepinda, akauweka katikati ya meza.

Jioni jua lilipokuwa linazama tulikwenda kanisani, na ghafla kengele zikalia, zote pamoja. Nilihisi mlio ule kwenye meno. Watu wakatoka nje kwa maandamano, na katika kila dirisha la kila nyumba mtu alikuwa amewasha mishumaa. Barabara nzima, madirisha yote. Hawakupiga makofi wala kucheza kama sisi. Walitembea tu wakiimba kwa sauti ya chini, wazee wakishikwa mikono, na nuru ile pande zote mbili. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Nilimtazama Riziki. Mwanga wa dirisha ulikuwa usoni mwake. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilisema moyoni, kesho.

Jumapili, kapu

Hapa ndipo mtakaponicheka, na mna haki.

Asubuhi Riziki alikwenda kazini, maana wazee wanahitaji kulishwa hata siku ya Pasaka. Bibi Ilona alipanga kapu: nyama yote, mayai, ule mzizi, chumvi, na mkate wangu uliopinda, akafunika kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa. Alinionyesha nilibebe. Kanisani aliniashiria niliweke mbele, karibu na madhabahu, pamoja na makapu ya watu wengine.

Sasa, sisi tunajua. Chakula kikipelekwa mbele ya madhabahu ni matoleo, kimeshatoka mikononi mwako, hakirudi. Nikafikiri, watu hawa wana imani kubwa, wametoa nyama yote. Nikaona haya kwamba mimi sikuleta chochote. Nikakumbuka mfuko wa chevda, niliokuwa nimeuhamishia kwenye koti langu. Nikainua kitambaa, nikauweka juu ya nyama.

Padri aliyabariki makapu na kuyanyunyizia maji. Ibada ilipoisha Bibi alitoka mbele akisalimiana na wenzake. Niliona watu wanachukua makapu, nikadhani ni wahudumu wanaopelekea maskini. Nikatoka mikono mitupu, nimefurahi sana. Bibi alikuwa anatembea na rafiki zake, hakuangalia nyuma. Tulifika nyumbani. Meza imeandaliwa, sahani, visu, sahani kubwa tupu katikati.

Bibi akanitazama. Akatazama mikono yangu. Akachora kapu hewani.

Nikaonyesha kanisani. Nikaonyesha juu.

Akaketi polepole kwenye kiti.

Wakati ule ule Riziki akaingia kutoka kazini, bado na sare yake, na jirani yao Mzee Feri nyuma yake, aliyekuja kula. Bibi akaongea mfululizo. Riziki akanigeukia.

"Shukuru. Kapu liko wapi?"

"Nimelitoa."

"Umelitoa kwa nani?"

"Kwa Mungu."

Alinitazama. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi akashika mlango, akateleza akakaa sakafuni na sare yake.

"Mama!" alisema akipumua kwa shida. "Wewe ni Mama kabisa! Unakumbuka kuku? Kuku mmoja tuliyekuwa naye kambini, Mama akambeba Jumapili ya mavuno akampeleka mbele, sisi tunalia nyuma yake, na yeye anaimba? Mimi nilimfuata mchungaji hadi kwake kumdai yule kuku!"

"Akakurudishia?"

"Alikuwa ameshamchinja!"

Nikacheka nami. Tulicheka wote wawili sakafuni, na Bibi na Mzee Feri wakitutazama kama tuna wazimu. Kisha Riziki akalisikia lile "Mama" alilolitamka. Niliona lilivyomrudia. Akasimama, akajipangusa sare.

Mlango ukagongwa. Alikuwa padri mwenyewe, kijana, amekuja kwa baiskeli na kapu limening'inia kwenye usukani. Aliongea na Riziki, macho yake yakanitafuta.

"Anasema miaka yote aliyokuwa padri, hakuna mtu aliyemwachia nyama yote," dada alitafsiri. "Na anauliza ile ya pilipili ni nini, kwa sababu amekula nusu."

Tulimpa na nusu nyingine.

Jumatatu, maji

Siku yangu ya mwisho. Treni yangu ilikuwa saa sita mchana.

Jumatatu ya Pasaka huko wanaume huenda nyumba kwa nyumba kuwamwagia wanawake maji. Zamani ilikuwa ndoo nzima, sasa wengi hunyunyiza marashi kichwani. Mwanamke asiyemwagiwa, wanasema, atakauka kama ua. Lakini huwezi kumwaga tu. Lazima kwanza usimame mbele yake useme ubeti, mbele ya wote waliopo, na mwisho wa ubeti uombe ruhusa. Akiruhusu unamwaga, naye anakupa yai jekundu. Asiporuhusu, unaondoka.

Bibi Ilona aliamka mapema, akavaa gauni la sherehe, akakaa sebuleni kama bibi arusi. Mzee Feri alifika na kichupa cha marashi, akaweka mkono kifuani, akasema ubeti mrefu, Bibi akakubali kwa kichwa, akanyunyiziwa, akatoa yai na glasi ndogo ya pombe kali. Mimi pia nilipewa pombe. Nikakataa, Mzee Feri akanuna, hadi Riziki akamweleza kuhusu kanisa letu. Nikapewa maji ya matunda, akaninung'unikia hadi nikamaliza.

Kisha Bibi Ilona akamwonyesha Riziki kidole, akanionyesha mimi.

"Hapana," Riziki alisema kwa Kiswahili, kama vile Bibi angeelewa. Kisha akanigeukia. "Anasema miaka yote hii nimemwagiwa na majirani kwa sababu sikuwa na ndugu hapa. Mwaka huu ndugu yangu yupo. Anasema useme kwa lugha yenu."

Bibi mwenyewe alikwenda kwenye bomba na goti lake bovu, akanijazia kikombe. Nikasimama katikati ya chumba. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Mzee Feri akasema kitu, wote wawili wakacheka.

"Anasema ua litakauka tukikungoja," Riziki alisema. Alikuwa anatabasamu bado.

Nikamkumbuka mzee wa Markham na kaka yake. Nikatazama kikombe, si uso wake, nikasema:

"Nimetoka mbali, nimetumwa na Mama.
Siku ile ya basi aligeuka nyuma.
Anasema umsamehe, moyo unamuuma.
Niruhusu nikumwagie, nimechoka kusimama."

Mzee Feri na Bibi wakapiga makofi. Walikuwa hawajaelewa kitu. Kisha wakamwona Riziki, wakaacha.

"Ni yeye aliyekuambia useme hivyo," alisema. "Kwamba aligeuka."

"Alinituma. Lakini mimi pia niliona."

"Uliona nini?"

"Nilikaa karibu naye kwenye basi. Mlangoni hakugeuka kwa sababu alikuwa ananivuta kwa mkono mmoja na begi kwa mkono mwingine. Alipoketi tu, akageuka. Akapiga magoti juu ya kiti akatazama kioo cha nyuma. Alikuwa anasema, 'Yuko penye bomba, yuko penye bomba.' Vumbi likaja, bado anatazama. Walimwambia akae vizuri, hakukaa. Hadi mjini, dada. Shingo ilimkaza siku tatu. Kwenye uwanja wa ndege alitembea hivi." Nikamwonyesha, shingo imepinda upande. "Nilimpaka dawa mimi."

Sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja. Dada alisimama mikono ikiwa juu ya kichwa.

"Alisema penye bomba?" aliuliza. "Alijua niko pale?"

"Alikuwa anakuonyesha kwa kidole."

Bibi Ilona aliuliza kitu polepole. Dada akainamisha kichwa mbele yangu.

"Mwaga."

Nilitakiwa kunyunyiza matone. Niliinamisha kikombe kupita kiasi, chote kikamwagika, maji baridi ya kisima yakaingia shingoni hadi mgongoni. Riziki akapiga ukelele uliosikika barabarani. Mzee Feri akashangilia, akasema hivyo ndivyo walivyofanya zamani. Bibi alinyakua kitambaa cha kwanza alichokiona juu ya kabati amfute, na kilikuwa kile kitenge cha bluu, nilichompa dada Ijumaa naye hakukifungua. Akamzungushia mabegani. Dada akakishika kwa ndani, akakaa nacho.

Kisha akaenda kwenye bakuli, akachagua mayai mawili.

"Hili lako," alisema. "Hili la Mama. Mwambie nimeruhusu."

Kurudi

Yai la Mama lilikuwa ganda tupu lenye maua. Nililibeba ndani ya kofia yangu, kwenye treni, kwenye ndege mbili, magotini. Afisa wa uwanja wetu aliniuliza ni nini, akaliinua kwenye taa, akaona halina kitu, akanirudishia kwa vidole viwili, taratibu sana. Kwenye basi la kurudi nyumbani, lile la Kipling, mtu alinisukuma, likapata ufa mmoja.

Mama alikuwa jikoni, miguu juu ya kiti. Hakunisalimia. Alisema, "Jibu?"

"Amesema, 'Nimeruhusu.'"

"Nimeruhusu nini?"

Nilimweleza maji na ubeti na yai. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akalishika yai, akapitisha kidole juu ya ufa, akaniambia nimpigie simu. Kule ilikuwa jioni. Ililia mara mbili, ikapokelewa.

"Umekula?" Mama aliuliza.

"Nimekula, Mama. Nyama iliyobaki Jumapili. Ile Shukuru aliyomtolea Mungu, padri akairudisha."

Mama akanitazama kwa mshangao, simu sikioni.

"Akairudisha?" alisema. "Kwa nini airudishe? Angekula!"

Nikasikia dada yangu anacheka upande wa pili, na Mama naye akaanza.

Sasa wanaongea kila Jumapili, ndiyo maana nachelewa kwenye mazoezi. Yai liko juu ya friji, ufa umegeuzwa ukutani. Mkono wangu umechoka. Nawaomba kitu kimoja: nanyi niandikieni. Hata mistari mitatu, hata kwa penseli, hata kama herufi zenu ni mbaya kuliko zangu. Niambieni mama zenu waliwahi kutoa nini mbele ya madhabahu huku nyie mnalia. Nitazipeleka barua zenu kwa Riziki, na ameshasema atajibu kila mmoja.

Ndugu yenu,
Shukuru